Mlango ni wa nani? Filamu ya baa za wanawake, ikiangaliwa kutoka Lubumbashi

Mara ya mwisho niliandika hapa juu ya vitabu vinavyopotea maktaba, na yaya mmoja akanijibu asema "weye unapenda paka malalamiko". Leo naleta filamu. Malalamiko yapo pia, lakini yatakuja nyuma.

Filamu inaitwa The Lesbian Bar Project. Waongozaji ni wanawake wawili, Erica Rose na Elina Street, na ilitoka Juni 2021. Ni fupi, kama dakika 20. Tuliiangalia watu watano kwa kompyuta moja, siku ya delestaji, na ufupi wake ulitusaidia juu batri ilikuwa karibu kufa. Jambo lenyewe ni rahisi kueleza. Marekani, katika miaka ya 1980, kulikuwa na karibu baa 200 za wanawake wanaopenda wanawake. Filamu ilipotoka, waongozaji walihesabu 21. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, baa 21! Na Covid ilikuwa imefunga milango ya hizo zilizobaki. Basi wakaanza kampeni ya kukusanya pesa mwishoni mwa 2020, wakapata zaidi ya dola 100,000, wakazigawanya kwa wenye baa. Filamu ilikuja nyuma ya kampeni, kuonyesha zile pesa zinaokoa nini.

Sababu za kufa kwa baa hizo ni za kawaida: kodi inapanda, matajiri wanahamia mtaa, vijana wanakutana kwa simu. Kuna sababu nyingine ambayo mi naona ndiyo mama yao zote: mwanamke anapata mshahara mdogo kuliko mwanamume, kwa hiyo baa inayotegemea wanawake tu inategemea mifuko midogo. Baa ya wanaume inaweza kufunga macho mwezi mmoja mbaya. Ya wanawake haiwezi.

Kitu kizuri cha filamu ni nyuso. Kamera inakaa na wenye baa wenyewe, haikimbilii maprofesa. Katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, tunaona Rachel na Sheila Smallman, wanawake Weusi wawili waliooana, waliokuwa wanaendesha baa yao iliyoitwa Herz. Nilipenda namna wanavyosogeza viti, namna wanavyoongea kama watu wenye madeni. New York tunaonyeshwa Henrietta Hudson, iliyofunguliwa 1991, na Lisa Cannistraci anayeisimamia. Mtu anayejua nganda za Lubumbashi anatambua mara moja aina hiyo ya mama: anasalimia kila meza, anakumbuka nani alikunywa na hakulipa, na anajua binti gani haifai kumwacha arudi nyumbani peke yake.

Kitu kibaya ni kwamba kampeni nzima ilibebwa na kampuni ya pombe, Jägermeister. Sisemi pesa yao ni chafu; sisi wa mji wa Simba na Tembo tutamhukumu nani? Lakini ukilipwa na muuza pombe, utaona dawa ya kila ugonjwa ndani ya chupa. Filamu inasema tuokoe baa. Haiulizi sana kama kitu kinachookolewa ni kaunta, au ni mlango unaofunguka usiku kwa mtu asiyejulikana. Mi naamini ni mlango. Nitarudi hapo.

Ilipoisha, mmoja wetu, mwanasheria, alicheka. "Iyi njo mambo ya bazungu. Siye tunakosa mayi, benyewe beko na shida ya baa." Tukacheka wote. Halafu hatukucheka tena, juu kila mmoja kati yetu alijua kwa nini tulikuwa tumefunga mapazia saa kumi na moja ya jioni ili kuangalia filamu ya dakika 20.

Nilitaka kumjibu siku ile, sikupata maneno. Jibu langu ni hili hapa.

Kwanza, si mambo ya wazungu. Mwaka 2010, katika mtaa wa Ntinda, Kampala, Kasha Jacqueline Nabagesera alifungua baa inayoitwa Sappho Islands. Huyu ndiye mwanamke aliyeanzisha Freedom and Roam Uganda mwaka 2003, na aliyepewa tuzo ya Martin Ennals mwaka 2011. Muwaze mwaka wenyewe. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu, likiomba wanyongwe. Kasha, David Kato na Pepe Julian Onziema walilipeleka gazeti mahakamani na wakashinda, Januari 3, 2011. Januari 26 David Kato aliuawa nyumbani kwake. Katikati ya moto huo mwanamke anafungua baa, anaweka viti, anaweka muziki. Mwaka 2011 baa ilikuwa imekwisha kufungwa. Haikuzeeka kama zile za Marekani. Haikupata hata nafasi ya kushindwa na simu.

Uganda ilitufundisha jambo ambalo filamu haikuweza kulijua. Sheria waliyoitia sahihi Mei 2023 haikuwatazama wapenzi peke yao. Kifungu cha 9 kilimtazama mwenye nyumba: ukiruhusu jengo lako litumike, jela hadi miaka 10. Aliyeandika kifungu kile alielewa maana ya mahali kuliko sisi wasomi. Alijua kwamba huna haja ya kumkamata kila mtu. Mtishe mwenye funguo, na watu watatawanyika wenyewe. Aprili 3, 2024, Mahakama ya Katiba ya Uganda iliacha sehemu kubwa ya sheria ile isimame, lakini kifungu cha 9 ni kati ya vichache ilivyovifuta. Hata majaji wale waliona kwamba kumgeuza kila mwenye parseli kuwa polisi kumezidi. Ila hofu haifutwi na hukumu. Kabla ya sheria hiyo, Novemba 2019, polisi wa Kampala walivamia Ram Bar na kukamata watu zaidi ya 120 usiku mmoja. Mwenye nyumba anakumbuka hayo kuliko anavyokumbuka namba za vifungu.

Ukienda pwani, habari ni ya zamani zaidi. Gill Shepherd, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1987 juu ya Mombasa. Alieleza wanawake wenye mali, wengi wao wakubwa kwa umri, ambao nyumba zao zilikuwa vituo: wanawake wengine wanakuja kutembelea, wanakaa, wanakula, na wadogo wasio na kitu wanapata ulinzi na nguo za harusi. Neno la kule ni "wasagaji", linatokana na kusaga, na mara nyingi linatupwa kama jiwe. Mi silipendi, lakini linathibitisha kwamba watu walikuwa na jina la jambo hilo kwa lugha yetu wenyewe, bila kusubiri ndege ya kutoka Ulaya. Hakukuwa na kibao mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke, na hiyo ilitosha.

Sasa turudi kwetu, na hapa ndipo ninawagombeza kidogo.

Mudimbe alipofariki Aprili 2025, tulijaza intaneti kwa rambirambi. Mwana wa Likasi, profesa wa Lubumbashi katika miaka ya 1970, wakati chuo chetu kilikuwa chini ya UNAZA. Kila mmoja alitaja The Invention of Africa ya 1988, hata wale ambao (tusemeane ukweli) hawakupita ukurasa wa kumi. Sikuona watu wakitaja Le Bel Immonde, riwaya aliyoitoa Présence Africaine mwaka 1976, alipokuwa bado anafundisha hapa hapa. Inaanza ndani ya baa ya usiku, Kinshasa, miaka ya 1960, wakati wa maasi. Mwanamke anayeitwa Ya anafanya kazi katika baa, waziri anamtaka, watu wa kabila lake wanataka amchunguze waziri huyo. Hayo ndiyo tuliyofundishwa: siasa, kabila, dola. Lakini Ya anaishi na mwanamke mwingine, mwenzake wa baa, na wale wawili wanapendana. Mudimbe hakuliandika jambo hilo kama ugonjwa wala kama mzaha. Ukisoma kwa utulivu utaona kwamba chumba chao ndicho mahali pekee ambapo Ya hafanyi kazi kwa ajili ya mtu. Waziri anamnunua, kabila linamtuma. Yule mwanamke mwingine anamngojea.

Sitasimulia mwisho, kwa heshima ya wale watakaokisoma baada ya kusoma hapa. Ninasema tu kwamba mwaka 1976, mwanachuo wa Lubumbashi alikwisha kuandika juu ya wanawake wawili, baa, na bei ambayo dola inadai kwao. Tulipokuwa tunafundishwa kitabu kile, mwalimu wetu (simtaji, ni mzee wa watu) aliruka kurasa hizo akisema "hiyo ni mapambo". Mapambo! Nusu ya kitabu.

Linganisheni na Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji wetu, aliyezaliwa hapa 1981. Kitabu cha 2014, kimepata sifa, kimetafsiriwa, na ninakipenda kwa sababu ya muziki wake. Baa yake imejaa wanawake kuliko baa yoyote ninayoijua katika fasihi yetu. Lakini karibu kila mara tunawaona kwa jicho la mteja: wanapita, wanauliza, wanapanga bei. Nimejaribu kuwaza wale wanawake saa kumi ya asubuhi, wateja wameondoka, wamevua viatu, wanahesabu franga na kucheka wanaume. Kitabu hakiingii pale. Simlaumu Fiston kwa kila kitu, kila mwandishi ana kiti chake. Nasema tu kiti kile bado kiko wazi, na badogo wanaoandika wananisikia.

Wakenya nao, katika filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, waliwapa mabinti wao wawili kombi mbovu iliyotupwa. Kena na Ziki wanakutana mule, juu Nairobi nzima haina chumba kingine kwa ajili yao. Serikali iliipiga filamu marufuku 2018. Septemba mwaka huo jaji Wilfrida Okwany akaifungulia siku saba. Siku saba ndani ya sinema, kombi moja mtaani: ukichukua vipimo hivyo unaona ukubwa wa nafasi yenyewe.

Na Lubumbashi? Sheria yetu haina kifungu kinachomfunga mwanamke kwa kumpenda mwanamke. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni na mtu wa jinsia nyingine, na wengi wanaishia hapo. Kifungu cha 31 cha katiba hiyo hiyo kinalinda maisha ya ndani ya kila mtu, na hicho hatukisomi kanisani. Polisi wanaweza kutumia lile neno pana la kanuni ya adhabu, kuharibu maadili mema mbele ya watu. Neno pana ni kama wavu. Linategemea nani anautupa na ana njaa kiasi gani.

Lakini mi sidhani kikwazo chetu kikubwa ni polisi. Ni kontra ya nyumba. Wengi mmesahau, au hamkuwahi kujua, kwamba kanuni ya familia ya Agosti 1, 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kufanya tendo la kisheria. Kutia sahihi kontra ya nganda kulikuwa ndani yake. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya Julai 15, 2016. Miaka kumi hivi tu! Mama aliyetaka kufungua mahali pake kabla ya hapo alihitaji karatasi ya mwanamume, na mjane au binti asiyeolewa alihitaji uso wa kukutana na mwenye nyumba anayeuliza "bwana yako eko wapi?" bila karatasi yoyote. Mnaniuliza kwa nini hatuna baa ya wanawake wa kufufua? Anzeni hapo.

Swali hilo la bwana nimelisikia kwa masikio yangu. Mwaka jana tuliingia wanawake wanne katika nganda moja ya Katuba, Jumamosi, saa moja ya usiku. Tuliomba Fanta mbili na Simba mbili. Kijana wa kuhudumu alituangalia muda mrefu.

"Ba bwana yenu beko wapi?"

"Leo atukuya na ba bwana."

"Basi mutalipa mbele."

Meza ya jirani, wanaume sita, walikuwa wanakunywa kwa deni. Tulilipa mbele. Nusu saa haikupita, chupa mbili zikaletwa ambazo hatukuziomba, "zimetoka kwa ba papa pale", na kila mwanamke wa mji huu anajua kwamba chupa ya namna hiyo ina kamba mguuni. Tukaondoka. Kati ya wale wanne, wawili wetu ni wanawake walioolewa ambao walitaka tu kuongea juu ya mtihani wa watoto. Nalitaja kwa wale wanaofikiri kwamba jambo hili linawahusu "wale" peke yao.

Najua jibu mtakaloandika chini hapa, bamama hasa: "Tuko na likelemba, inatosha." Kweli, likelemba ni chumba chetu. Jumapili, ndani ya parseli ya mmoja, bukari na samaki, pesa zinahesabiwa, nyimbo kidogo. Katika kila likelemba niliyokaa palikuwa na wawili wanaofika pamoja na kuondoka pamoja, miaka na miaka, na hakuna mwenye kuuliza. Kuna hekima katika kutouliza. Ni ile ile ya nyumba za Mombasa. Hata Union Minière, ilipojenga zile foyer katika kambi zake kuwafundisha bibi zetu kushona na kupika kama ilivyotaka yenyewe, ilijenga bila kukusudia chumba ambacho wanaume hawakuingia. Nenda ukamwulize bibi yako alicheka nini mule, utashangaa.

Ila likelemba ina kasoro moja kubwa: huingii mpaka ujulikane. Lazima uwe mke wa fulani, mtoto wa fulani, mtu wa kanisa fulani, na uwe na pesa ya mzunguko. Kutouliza kunamlinda aliye ndani. Aliye nje hakumsaidii chochote, juu hajui hata ni mlango gani wa kugonga.

Hapo ndipo filamu ya Erica Rose na Elina Street ilinishika, pamoja na Jägermeister yake. Baa ni mahali pa mgeni. Unaingia kwa bei ya kinywaji kimoja, hata cha sukari, na hakuna anayekuuliza ukoo. Ndiyo maana zile 200 zilikuwa na maana kwa binti wa kijijini Alabama, na ndiyo maana ninaunga mkono kufufuliwa kwao, hata kama ninataka kaunta iwe ndogo na viti viwe vingi, na chai iwepo. Marekani zimeanza kufunguliwa mpya tena katika miaka hii, na ninafurahi kweli, bila wivu. Wivu kidogo.

Miaka miwili iliyopita mudogo mmoja wa kampusi alifukuzwa na mjomba aliyekuwa anamlaza, kwa sababu ya picha katika simu. Alitoka mbali, hapa mjini alijua auditoriamu na kituo cha basi, basi. Alilala kwangu juma moja. Siku ya tatu aliniuliza, kichwa chini, anakoroga chai iliyokwisha kupoa: "Yaya, bengine beko wapi?"

Nina digrii mbili, bandugu. Nilimtajia Mudimbe. Nilimtajia Kampala. Sikuwa na anwani hata moja ya Lubumbashi ya kumpa, mahali ambapo angeweza kukaa Jumamosi mchana na kuona kwa macho yake kwamba wengine wapo na wanacheka na wanazeeka. Alirudi kwa mama yake. Masomo aliyaacha.

Yule rafiki mwanasheria, wa "mambo ya bazungu", alinipigia simu wiki mbili baada ya filamu. Anamjua mama mjane mwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili, yenye baraza, na njia mbili za kutokea (hilo alilitaja kwanza, ni mwanasheria). Tungeweka vitabu, chai, meza sita, muziki usiopiga kelele. Hakuna kibao. Siku za wiki ingekuwa mahali pa wanawake kusoma na kushona, na hilo lisingekuwa uongo. Mtaa siwatajii.

Nilikwenda kumwona mama huyo. Alitukaribisha, akatupa karanga, akatuuliza tunafanya kazi gani na makanisa yetu. Bwana hakutuulizia. Nilipomwambia ni mahali pa wanawake peke yao, alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Bwana yangu alikufa mwaka ya kumi na mbili. Tangu pale mi siyaona pa kuikala bila mutu kuniombea kitu."

Anataka garanti ya miezi sita. Tumepata ya miwili.